Lori linalozima njiani na kukataa kuzima karakanani

LORI lenye mzigo wa kwenda Zambia linazima ghafla likipanda mlima Kitonga, mkoani Iringa. Dereva anasubiri nusu saa, anapiga stata, linawaka kana kwamba halikuwa na kitu. Linafika Tunduma, linarudi Dar es Salaam na kupelekwa kwa wakala aliyeliuza. Huko linalala siku mbili, linapimwa kwa mashine, na jibu ni moja: hakuna tatizo lililoonekana. Safari inayofuata linazima tena.

Ubovu wa kuja na kuondoka huwasumbua mafundi kuliko gari lililokufa kabisa. Kwa msafirishaji hasara ni kubwa zaidi, maana mzigo wa transiti wenye lakiri ya forodha hauhamishiwi gari jingine bila idhini ya forodha.

Fundi wa wakala huanza kwa kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Kama kompyuta haikuandika kitu, au dereva alitoa waya wa betri njiani akitumaini gari litazinduka, huenda asikute cha kusoma. Kwa magari mengi kutoa betri hufuta kumbukumbu hizo, pamoja na joto na mzunguko wa injini wakati kosa lilipotokea. Shahidi anayebaki ni dereva, na mara nyingi yeye hafiki karakanani. Gari huletwa na mtu wa ofisini mwenye maneno mawili tu: linazima zima.

La kwanza analotakiwa kueleza dereva ni namna lilivyozima. Likikatika ghafla kama limezimwa kwa ufunguo, shaka huelekea kwenye umeme. Likipoteza nguvu, likakohoa, kisha likafa, shaka huelekea kwenye mafuta. Mshale wa mzunguko wa injini ukianguka hadi sifuri wakati gari bado linaviringika likiwa kwenye gia, mtuhumiwa wa kwanza ni sensa ya krankishafti. Sensa hiyo ikichoka hukata mawasiliano inapopata joto na kurudi inapopoa, hivyo asubuhi karakanani huonekana nzima. Taa za dashibodi nazo zikifa, zikaguliwe swichi ya ufunguo, vichwa vya betri na waya wa ethi.

Kwa injini ya dizeli, kama halikuwaka mpaka dereva alipopampu kwa mkono, huenda mabomba yanavuta hewa au chujio limejaa uchafu na maji. Na kama linawaka baada ya kufungua kifuniko cha tangi, huku hewa ikisikika kuvutwa ndani, tundu la kupumulia limeziba. Hilo ni la kusafisha tu, si la kununulia pampu mpya.

Kuna kifaa ambacho wenye magari husahau kukitaja: kile cha kufuatilia gari kwa setilaiti. Vingi huwa na rilei ya kukata mafuta au umeme gari likiibiwa. Rilei hiyo ikifungwa vibaya huzima gari lenyewe, na haimo kwenye michoro ya waya ya kiwanda anayoitumia fundi wa wakala.

Wakati mwingine kosa ni la kiwanda. Mwaka 2010 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 1 ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008 yaliyouzwa Marekani na Kanada, kwa sababu kompyuta ya injini iliweza kupata ufa kwenye bodi yake na kuzima gari likiwa mwendoni. Mafundi wa wakala wanaweza kuangalia kwa namba ya chesisi kama gari liliwahi kuitwa.

Kabla ya kuacha ufunguo, mwenye gari aombe jaribio lifanyike injini ikiwa ya moto, gari likiwa na mzigo ikiwezekana, dereva wake akiwa ndani na mashine ikirekodi mwendo mzima. Sensa pia inaweza kupashwa joto kwa kikaushio na waya kutikiswa injini ikiunguruma. Fundi anayependekeza kubadilisha kipuri aulizwe ni kipimo gani kilichokionyesha kuwa kibovu, na kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenyewe.

Kama bado jibu ni kwamba hakuna tatizo, malalamiko yaandikwe kwenye kadi ya kazi pamoja na tarehe na kilometa. Udhamini ukiisha mwezi unaofuata, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kuwa ubovu uliripotiwa mapema.