UZI: Wageni waruhusiwe tena kuasili watoto wa Kenya?

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii hurudi. Mmoja anapanda jukwaani kusema watoto wetu wanauzwa ng'ambo. Mwingine anasema tunawanyima yatima nyumba nzuri kwa sababu ya kiburi. Wote wawili hupigiwa makofi. Leo tuichambue polepole, bila majina ya watu wala vyama.

2/ Kwanza tuelewane. Kuasili mtoto, au kuadopti jinsi wengi tunavyosema, ni zaidi ya kumlipia karo. Ni amri ya mahakama. Mzazi aliyemzaa hupoteza haki zake zote kwa mtoto huyo. Mzazi mpya anazichukua, na mtoto anarithi kama aliyezaliwa humo ndani.

3/ Kenya iliingia kwenye Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili watoto nje ya nchi mwaka 2007. Novemba 2014 Baraza la Mawaziri likawasimamisha wageni kuasili watoto wetu, kwa hofu ya ulanguzi. 2019 likarudia marufuku. Ndiyo maana hoja haiishi.

4/ Sasa tumsikilize mzazi Mkristo wa ng'ambo, maana mara nyingi ndiye anayebisha hodi. Imani yake inamfundisha kwamba Mungu alimfanya mwana wakati hakustahili. Kwa hivyo kumpa mtoto wa mwingine jina lake na meza yake ni ibada. Kuna waliochukua watoto wenye ulemavu ambao hakuna mtu mwingine aliyewaulizia. Tusimtukane.

5/ Shida inaanzia kwa neno "yatima". UNICEF humhesabu hata mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu. Yaani wengi kwenye hesabu hiyo wana mama. Mama huyo amelemewa na kodi ya nyumba na karo, akasikia kuna makao yenye chakula na shule. Anamwacha mtoto pale akijua atarudi kumchukua.

6/ Mfano wa kweli: Haiti, Januari 2010, baada ya tetemeko. Wamarekani 10 wa kanisa la Kibaptisti walikamatwa wakielekea mpaka wa Jamhuri ya Dominika na watoto 33 bila stakabadhi. Walisema wanaokoa yatima. Ikagundulika kwamba wengi walikuwa na wazazi. Wazazi hao waliwatoa wakiahidiwa masomo na maisha mazuri.

7/ Nia njema haitoshi kuchunguza kama mama yuko hai. Na penye foleni ya wazazi wenye pesa, hakukosi mtu wa kuwatafutia watoto. Ndiyo maana Mkataba wa Hague unasema: familia ndani ya nchi zifikiriwe kwanza, ridhaa isinunuliwe, na mama asitoe ridhaa kabla hajajifungua.

8/ Lakini jameni, kufunga mlango peke yake hakumlei mtoto. Kuna watoto ambao kweli hawana mtu, na wanakulia makao mpaka utu uzima. Sisi wenyewe tumewachukua wangapi? Ukitaja kuasili mvulana, mjomba anauliza shamba litaenda kwa nani. Hapo hakuna mzungu wa kulaumiwa.

9/ Serikali ilizindua mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao na kuwarudisha kwenye familia: kwa wazazi, kwa jamaa, kwa walezi wa muda, au kwa watakaowaasili. Katiba nayo, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulelewa na wazazi, na maslahi yake ndiyo ya kwanza. Karatasi tunazo. Bajeti je?

10/ Kwa ndugu Mkristo, hapa au ng'ambo: Waraka wa Yakobo unawataja yatima na wajane pamoja. Mara nyingi huyo mjane ndiye mama wa huyo yatima. Ukimlipia karo na kumpa mtaji wa kibanda, mtoto analala kwao. Kuasili kubaki kwa yule ambaye ametafutiwa jamaa kwa dhati na hakupatikana.

11/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na hoja hii, muulizeni matatu:
– Nani atathibitisha kwamba mtoto hana jamaa, na atatafuta vipi?
– Kila shilingi inayolipwa inaenda kwa nani?
– Ametenga ngapi kumsaidia mama asimtoe mtoto kwa sababu ya umaskini?

12/ Akijibu "uzalendo" au "huruma" halafu akanyamaza, hajawajibu. Wewe ungeongeza swali gani? Andika hapa chini, ila mtoto wa mtu asitajwe jina.