Meza ya Nyumbani: Namna ya Kumpokea Mwenzi Mgeni katika Familia za Pwani ya Mtwara

Ndoa Takatifu huadhimishwa siku moja mbele ya Altare ya Bwana, lakini maisha ya ndoa hujengwa siku zote: jikoni, kisimani, sokoni na barazani. Katika mafundisho ya maandalizi ya ndoa tunazungumza sana juu ya umoja na udumifu wa agano, juu ya uaminifu na malezi ya watoto. Ni mara chache tunazungumza juu ya chungu. Hata hivyo, kwa mwanandoa aliyeacha kwao na kuja kuishi ugenini, mtihani wa kwanza huanza pale anapowekewa sahani ya chakula asichokijua, huku ndugu wote wa mwenzi wake wakimtazama kama atakula au hatakula.

Kwa njia ya makala hii, tunapenda kuzialika familia zetu kulitazama jambo hili kwa jicho la imani na la busara ya kawaida. Tunasadiki kwamba wajibu wa kwanza wa kuzoeana haumwangukii mgeni, bali mwenyeji. Kwa sababu mwenyeji ndiye anayejua njia, na mgeni ndiye asiyejua.

Mkoa uliojengwa na wageni

Pwani yetu haijawahi kuwa ya watu wa kabila moja. Majahazi yalitia nanga Mikindani kwa karne nyingi. Wamisionari Wabenediktini waliofika Ndanda mwaka 1906 walikuwa wageni, nao walipaswa kujifunza kula, kusalimu na kusema. Mji wa Mtwara wenyewe ulipanuka kutokana na mpango mkubwa wa kilimo cha karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947, ambao ndio uliodai kujengwa kwa bandari. Katika miaka ya karibuni, gesi asilia ya Ghuba ya Mnazi, kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 2015, ofisi za Serikali, shule, hospitali na vyuo vimewaleta watu kutoka Bukoba, Moshi, Mbeya na Songea. Wengi wao wamepata wenzi hapa, au wamekuja na wenzi wao.

Upande wa kusini, Mto Ruvuma haujawahi kuwa ukuta. Wamakonde wanaishi kando zote mbili, na tangu mwaka 2010 Daraja la Umoja linaunganisha Tanzania na Msumbiji huko Mtambaswala. Wapo waliovuka kwa biashara, wapo waliovuka kwa ndoa, na wapo waliokimbia machafuko yaliyoanza Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017. Wote hao, wanapoolewa au kuoa katika parokia zetu, wanaingia katika nyumba iliyokuwa na desturi zake kabla yao.

Yafaa kukumbuka pia kwamba kwa mapokeo ya Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, na mara nyingi mwanamume ndiye aliyehamia kwao mke. Kwa hiyo mwenzi mgeni si lazima awe mwanamke. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, kinamtaja mwanamume kuwa ndiye anayewaacha baba yake na mama yake ili aambatane na mkewe. Wazee wetu wa kusini hawakuona ugumu wowote kulielewa neno hilo.

Chungu cha mwenyeji

Mwanamke aliyekulia Bukoba amezoea kuamka na kumenya ndizi. Aliyetoka Songea amezoea ugali wa mahindi. Akifika Msimbati, Mikindani au Kitaya, anakutana na ugali wa muhogo, unaovutika zaidi na usongwao kwa namna nyingine, mbaazi zilizoungwa kwa nazi, kisamvu, pweza, na msimu ukifika, ming'oko iliyochemshwa. Si kwamba vyakula hivi ni vibaya. Ni kwamba mikono yake haivijui.

Tuchukue mfano wa nazi. Kwa mtoto wa pwani, kukaa juu ya mbuzi na kukuna nazi ni jambo asilokumbuka alijifunza lini. Kwa mtu wa bara, ni kazi ya kuchubua vidole. Hajui kwamba tui jepesi hutangulia na tui zito huja mwishoni, wala kwamba tui lisipokorogwa likiwa motoni hukatika. Hajui kwamba pweza hupigwa kwanza ili alainike. Akiharibu chungu mara mbili, na wifi zake wakacheka, mara ya tatu ataacha kuingia jikoni. Nao watasema, “Mvivu huyu.” Hapo ndipo neno dogo huzaa jeraha kubwa.

Kinyume chake, nyakati nyingine ugeni ni wa jina tu. Mke aliyetoka Palma akiulizwa kama anajua kupika kisamvu, huenda akasema hapana. Lakini akionyeshwa chunguni atatabasamu, kwa maana kwao Msumbiji chakula hicho cha majani ya muhogo, karanga na nazi huitwa matapa, naye amekipika tangu utotoni. Tusiwe wepesi wa kuhukumu kwamba mtu hajui, kabla ya kumwuliza anaitaje kile anachokijua.

Vipo pia vyakula ambavyo watu huvitumia kuchekana. Huko Newala na Masasi, panya wa shambani ni kitoweo. Bukoba, senene ni zawadi ya heshima. Kila mmoja humshangaa mwenzake. Mtume Paulo, katika sura ya nane ya Waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, anafundisha kwamba chakula chenyewe hakitusogezi kwa Mungu wala hakituweki mbali naye. Lenye uzito ni kutomkwaza ndugu. Kwa sababu hiyo, asilazimishwe mtu kula asichoweza, wala asidharauliwe mtu kwa kile anachokula.

Jambo moja lisilo la mzaha

Katika mafunzo ya jikoni, liko moja ambalo mwenyeji hana ruhusa ya kulinyamazia, nalo ni muhogo mchungu. Mwenyeji huutambua kwa aina ya mmea, kwa shamba ulikotoka na kwa ladha. Mgeni haujui. Muhogo huo una sumu ya sianidi, na huwa salama pale tu unapotayarishwa ipasavyo: kumenywa, kulowekwa kwa siku kadhaa hata ulainike, kuanikwa juani hadi ukauke vema, ndipo utwangwe au kusagwa. Kuuanika tu bila kuuloweka hakutoshi kwa muhogo mchungu sana.

Hatari hii si hadithi. Mwaka 1988 watu walidhurika na muhogo mchungu wilayani Masasi. Kaskazini mwa Msumbiji, katika Mkoa wa Nampula, mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu wakati wa ukame, njaa ilipowalazimu kufupisha siku za kuutayarisha muhogo. Watu wanaokula muhogo huo pasipo kitoweo huumia zaidi, kwa kuwa mwili huhitaji protini ili kuiondoa sumu. Hivyo basi, samaki, mbaazi na kunde zinazowekwa pembeni ya ugali si anasa, ni kinga. Mama mkwe anayekaa na mkamwana wake na kumfundisha haya kwa upole anailinda afya ya wajukuu wake.

Barazani na kwa majirani

Baada ya jikoni, liko baraza. Mgeni anahitaji kuelezwa nani anaamkiwa shikamoo, nani ni mtani ambaye maneno yake makali hayana ubaya, na kwa nini mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kwa mwanamume aliyekulia katika ukoo wa upande wa baba, kumwona shemeji yake akitoa uamuzi juu ya mtoto aliyemzaa yeye kunaweza kumchoma kama dharau. Akielezwa mapema kwamba ndivyo ukoo wa mama unavyowalinda watoto wake, atajua pa kusikiliza na pa kusema. Nao upande wa mke wajue kwamba Kanisa linawatambua baba na mama kuwa walezi wa kwanza wa watoto wao.

Majirani wetu wengi ni Waislamu, na baadhi ya wanandoa wetu wamefunga ndoa na Waislamu kwa ruhusa ya Askofu, kadiri ya kanuni ya 1086 ya Sheria za Kanisa. Mkristo aliyetoka bara huenda hajui kwamba akimchinja kuku mwenyewe, jirani hatakula. Akimwomba jirani amchinjie, wote watakula. Huenda hajui namna ya kuenenda barazani mchana wa Ramadhani. Mwaka 2025, Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na nyumba nyingi zilifunga pamoja, kila mmoja kwa imani yake. Kuheshimu meza ya jirani si kuificha imani yetu. Ni kuishuhudia.

Ruthu na mama mkwe wake

Maandiko Matakatifu yanatupatia kielelezo katika Kitabu cha Ruthu. Huyu ni mjane kijana wa Moabu aliyefuatana na mama mkwe wake hadi Bethlehemu, nchi asiyoijua. Katika sura ya pili tunasoma kwamba Boazi alimkaribisha kula pamoja na wavunaji, akachovya mkate katika siki, akapewa nafaka iliyokaangwa, akala akashiba na kusaza. Kilichosalia alikichukua, akampelekea Naomi. Mgeni aliyelishwa akawa mlishaji.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, Boazi hakusubiri Ruthu azoee ndipo amwite mezani. Alimwita angali mgeni. La pili, Naomi ndiye aliyemweleza desturi za nchi: ndugu ni nani, haki yake ni ipi, aende lini na aseme nini. Na kutoka katika nyumba hiyo alizaliwa Obedi, babu yake mfalme Daudi. Mgeni aliyepokelewa vema ameingia katika nasaba ya Mkombozi wetu.

Tufanye nini?

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wa Kitume “Amoris Laetitia” wa mwaka 2016, alisisitiza umuhimu wa kuwasindikiza wanandoa katika miaka yao ya kwanza. Na kanuni ya 1063 ya Sheria za Kanisa inawataka wachungaji na jumuiya ya Wakristo kuwasaidia wanandoa hata baada ya kufunga ndoa. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Kwa familia inayompokea mgeni: achaguliwe mtu mmoja mwenye subira, awe mama mkwe, wifi au jirani, ambaye mgeni anaweza kumwuliza lolote bila kuchekwa. Tena, angalau siku moja katika juma, mgeni apike chakula cha kwao na nyumba nzima ile. Ndizi za Bukoba zikipikwa kwa nazi ya Mikindani, hakuna aliyepoteza kitu.

Kwa mwenzi mwenyeji: usiwe mtazamaji. Mume anayenyamaza wakati dada zake wanamcheka mkewe amekwisha kuchagua upande. Kuwaheshimu wazazi ni amri ya Mungu, na kumtetea mwenzi wako ni sehemu ya agano uliloliweka.

Kwa mwenzi mgeni: onja kabla ya kukataa, uliza kabla ya kukasirika, na usiyafananishe kila siku ya hapa na ya kwenu. Jifunze salamu kwanza, kwa maana salamu hufungua milango mingi kuliko fedha.

Kwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: familia mpya ikihamia, isingojwe ijitokeze yenyewe. Wanajumuiya waende, wapige hodi, wasali pamoja nayo, na wanandoa wazoefu waalikwe kuwa karibu nayo katika mwaka wa kwanza.

Mwisho, tunapenda kutofautisha wazi kati ya desturi na dhuluma. Kufundishwa kupika ni desturi. Kunyimwa chakula, kupigwa, kuzuiwa kuzungumza na wazazi au kunyang'anywa simu na nauli si desturi ya kabila lolote, na hakuna mwanandoa anayedaiwa na Kanisa kuyavumilia hayo kimya. Mwenye kuteswa amwone Paroko wake, na pia aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Mwanajumuiya anayejua na akanyamaza, naye atatoa hesabu.

Waraka kwa Waebrania unatukumbusha kwamba waliowakarimu wageni waliwapokea malaika pasipo kujua. Mwenzi aliyekuja kwetu kutoka mbali tunamjua kwa jina lake, na tulikuwepo alipotoa ahadi yake mbele ya Altare. Basi tumpe kiti mezani, tumwonyeshe njia ya kisimani, na tumwulize kwao wanakula nini.