Sigara za Kielektroniki: Mama, Kijue Kifaa Hiki

Leo tutazungumza juu ya sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu.

Sigara ya kawaida humtangaza mwenyewe. Kijana akivuta, nguo hunuka, vidole hunuka, na mama hujua. Hii nyingine hunukia embe, stroberi au mnanaa. Mtoto anaweza kuivutia chumbani nawe ukadhani anakula peremende. Ndiyo maana tunaanza kwa kuifahamu.

Sigara ya kielektroniki ni nini?

Ni kifaa kidogo chenye betri, waya unaopata moto, na mahali pa kuwekea majimaji. Mfamasia wa Uchina, Hon Lik, ndiye aliyekitengeneza kwa namna inayojulikana leo, mwaka 2003. Kifaa hiki hakichomi majani ya tumbaku. Mtu akivuta, waya hupasha majimaji joto na kutoa wingu jeupe. Vingine hufanana na kalamu, vingine na flashi ya kompyuta, na vingi huchajiwa kama simu.

Utasikia vijana wakisema, "Ni mvuke wa maji tu." Si kweli. Majimaji hayo huwa na kemikali za kutoa moshi, manukato, na mara nyingi nikotini. Nikotini ndiyo ile ile iliyo katika tumbaku, inayomfanya mvutaji ashindwe kuacha.

Kwa nini ni rahisi kuanza?

Sigara ya kawaida humsumbua anayeanza. Koo humwasha, hukohoa, kichwa humzunguka, na wengine huitupa siku hiyo hiyo. Vepu haimfukuzi. Ladha ni tamu, na nikotini ya vifaa vingi vya kisasa imetengenezwa isiwashe koo. Kwa hiyo anayeanza huvuta tena na tena bila kujua ameingiza kiasi gani mwilini.

Hebu tupige hesabu. Kifaa chenye mililita 2 za majimaji ya nguvu ya asilimia 5 kina miligramu 100 za nikotini. Sigara moja ya kawaida humpa mvutaji kama miligramu 1 hadi 2. Kijana alianza kwa kuonjeshwa na rafiki nyuma ya darasa. Baada ya muda anaamka akiitafuta, akikosa anakuwa mkali, na masomo hayaingii. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini huweza kuharibu umakini na kumbukumbu wakati huo. Kwa mama mjamzito pia ni hatari, kwa sababu nikotini humfikia mtoto tumboni.

Tena, kilichomo ndani hakijulikani kwa macho. Huko Marekani, kuanzia mwaka 2019 hadi Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walilazwa hospitalini au kufa kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na vifaa hivi. Waliokufa walikuwa 68. Wengi wa wagonjwa walikuwa wamevuta majimaji yenye kemikali ya bangi, na mengi ya hayo yalichanganywa na mafuta ya vitamini E.

Pengine utaambiwa kuwa vifaa hivi huwasaidia watu kuacha sigara. Wapo watu wazima waliovuta kwa miaka mingi na kuvitumia kwa nia hiyo, na hilo ni la kushauriana na daktari. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuvuta hana cha kuacha. Yeye anaanza.

Ukigundua mtoto wako anavuta

Usikimbilie kiboko. Mtoto akipigwa hujifunza kuficha vizuri zaidi. Keti naye, umuulize alianza lini, na nani, na akikosa anajisikiaje. Mweleze kwamba kukasirika na kukosa usingizi siku za kwanza za kuacha ni kazi ya nikotini, na kwamba hali hiyo hupungua. Akishindwa, mlete kituo cha afya, au piga simu ya bure ya NACADA, nambari 1192.

Mtoto mdogo na ile chupa

Majimaji haya ni sumu yakinywewa, hata kidogo, na huingia pia kupitia ngozi. Desemba 2014, katika jimbo la New York, Marekani, mtoto wa mwaka mmoja alikufa baada ya kuyameza. Sote tunajua msiba wa mafuta ya taa kuwekwa katika chupa ya soda. Hii ni hatari zaidi, kwa kuwa yananukia matunda.

Mtoto akiyanywa, huweza kutapika, kutokwa na mate mengi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, au kupata degedege. Fanya hivi:

- Mpanguse mdomo. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa au maji ya chumvi.
- Yakimwagikia ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni.
- Akizimia au kupata degedege, mlaze kwa ubavu.
- Mkimbize hospitali mara moja, hata kama bado anacheza, na uibebe ile chupa.

Kumbuka: kama kuna mtu mzima nyumbani anayetumia kifaa hiki, kifungiwe juu pamoja na majimaji yake, mbali na watoto. Na jioni ya leo, mwulize kijana wako kwa upole kama amewahi kuiona vepu. Mwache aongee, nawe usikilize.