Vuli inayotangazwa redioni si mvua ya Nyololo

NYOLOLO, njia panda ya barabara kuu ya Iringa hadi Mbeya wilayani Mufindi, huwa na vumbi jingi mwezi Septemba. Sakitu ya Juni na Julai imekwisha, jua la mchana limeanza kuuma, na mashamba ya mlimani yamebaki na mabua tu. Kijani kinachoonekana ni cha vinyungu, zile bustani za mabondeni zinazolimwa kwa unyevu uliobaki ardhini. Ni wakati huo huo redio huanza kutangaza mvua.

Tangazo hilo ni la vuli. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hulitoa kabla ya Oktoba kwa ajili ya maeneo yenye misimu miwili ya mvua kwa mwaka: pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, nyanda za juu za kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Victoria. Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya haimo. Huku msimu ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mwelekeo wake hutangazwa peke yake, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba. Mkulima wa Nyololo anayesikia “vuli za juu ya wastani” na kuanza kutafuta mbegu amesikia habari ya Tanga.

Tatizo ni kwamba Oktoba nayo hudanganya. Upepo wa kusini mashariki unaotoka Bonde la Kilombero hupanda ukingo wa Mufindi zaidi ya meta 1,000, na ukipanda hupoa na kuacha ukungu na manyunyu. Chai ya upande wa Kibao huyafurahia. Nyololo, iliyo nyuma kidogo ya ukingo, hupata mabaki yake, na mara moja moja radi ya alasiri ikimwaga mvua ya nusu saa. Ukiteremka tena upande wa magharibi kuelekea Usangu, unakuta ardhi imepasuka kwa ukavu. Ni hali za hewa tatu ndani ya safari ya siku moja, na zote husomewa utabiri mmoja.

Gharama ya kudanganyika inahesabika. Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu chotara, na mfuko mmoja wa DAP wa kilo 50 wa kupandia. Mwenye ekari mbili aliyepanda kwa mvua ya Oktoba, kisha jua likawaka wiki tatu, atarudi dukani Desemba kutafuta kilo nyingine 20. Atawalipa vibarua mara ya pili. Mbolea aliyokwisha kufukia haitamrudia yote. Baya zaidi, Desemba ndipo kila mtu yuko dukani, na aina anayoitaka huenda imekwisha.

Hata hivyo, kungoja nako si bure. Mbegu za muda mrefu zinazopendwa nyanda hizi, kama H614 na zile za Uyole mfano wa UH6303, huchukua takriban miezi mitano hadi sita kukomaa kwenye baridi ya namna hii. Zikipandwa mwisho wa Desemba, Aprili mvua zinakatika huku magunzi yakiwa bado yanajaza punje. Kwa hiyo mkulima hana nafasi ya kuogopa sana wala ya kuwa na haraka. Anachoweza ni kupima.

Kipimo hakihitaji mtaalamu. Kopo lolote lenye pande zilizonyooka, likiwekwa uwanjani mbali na paa na miti, pamoja na rula ya mtoto wa shule, vinatosha. Maji yakifika milimita 20 hadi 30 ndani ya siku tatu au nne, na jembe likakuta unyevu hadi kina cha urefu wa kiganja, hapo kuna sababu ya kufungua mfuko wa mbegu. Milimita 20 kwenye ekari moja ni karibu lita 80,000 za maji. Manyunyu ya wiki nzima yanaweza yasifike robo yake. Aidha, mwenye ekari mbili anaweza kupanda moja kwa mvua hiyo na ya pili siku kumi baadaye. Atapoteza kidogo mwaka mzuri, lakini mwaka mbaya hatapoteza zote.

“Wastani” ni neno pana

Mwelekeo wa msimu ukitoka mwishoni mwa Oktoba, watu husikia neno moja na kuzima redio. Neno hilo ni wastani. Kwa lugha ya TMA, mvua za wastani ni zile zilizo kati ya asilimia 75 na 125 ya kiwango cha kawaida cha muda mrefu. Tuseme kijiji fulani kawaida yake ni milimita 1,000 kwa msimu. Kikipata 750 ni wastani, kikipata 1,250 ni wastani pia. Tofauti ya milimita 500 imefichwa ndani ya neno moja.

Jumla pia haisemi mvua itagawanyika vipi. Zikinyesha zote Desemba na Januari, kisha Februari ikakauka wakati mahindi yanatoa mbelewele, msimu utaandikwa kuwa wa wastani na ghala litakuwa tupu. Sehemu ya tangazo inayomfaa mkulima zaidi ni ile inayosomwa haraka haraka: wiki ambayo mvua zinatarajiwa kuanza, wiki ya kukatika, na tahadhari ya vipindi virefu vya ukavu. Baada ya hapo zipo taarifa za siku kumi kumi, ambazo kwa uamuzi wa kupanda zina thamani kuliko utabiri wa miezi sita.

Kisha kuna El Niño. Tangu mvua za 1997 na 1998, jina hilo kwa Watanzania wengi lina maana ya mafuriko. Kwa pwani na kaskazini mara nyingi ni kweli. Lakini kusini zaidi ya Afrika El Niño huleta ukame. Msimu wa 2023/24 ulionyesha sura zote mbili: Desemba 2023 mvua kubwa ziliteremsha tope la mlima Hanang na kuua watu, na Februari 2024 Zambia ikatangaza ukame kuwa janga la taifa, Malawi na Zimbabwe zikifuata.

Nyololo iko karibu na bawaba ya mlango huo. Mlango ukifunguka ncha yake husogea sana, bawaba husogea kidogo. Ndiyo maana habari za El Niño humweleza mkulima wa hapa machache kuhusu shamba lake, ila humweleza mengi mfanyabiashara wa mahindi aliye na magunia stoo. Mwaka 2024 Tanzania ilikubali kuiuzia Zambia mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), na njia ya kwenda huko ni barabara hii hii, kupitia Makambako hadi Tunduma. Aliyeuza gunia Julai ili alipe deni la duka la pembejeo hakuwa na cha kungojea. Mwenye mifuko isiyopitisha hewa na deni dogo alikuwa na hiari.

Wanaopeleka viazi Usangu na kurudi na mchele wana kipimo chao. Mto Ndembera huanzia milima ya Mufindi na kuteremka hadi mashamba ya mpunga ya Madibira, wilayani Mbarali. Mvua ya mlimani ikichelewa, vitalu vya mpunga bondeni navyo huchelewa, hata kama bondeni kwenyewe kumenyesha. Kwa hiyo mchuuzi mzoefu akifika Madibira mwezi Desemba haulizi kwanza bei ya gunia, anauliza Ndembera imejaa kiasi gani.