Mwanariadha Mwenye Ulemavu na Wasifu Wake Redioni

Katika nyanda za juu za Kigoma, kutoka Kagerankanda mpaka Kibondo, ambako habari za mashindano ya mbali aghalabu husikiwa zaidi ya kuonekana, mtangazaji wa redio ndiye amchoreaye msikilizaji sura ya mkimbiaji; na akimchora vibaya, hakuna picha ya kumsuta. Basi yafaa tutazame kwa insafu jinsi wanahabari wanavyowaeleza wanariadha mashuhuri wenye ulemavu, maana wasifu wao umezoea kupita njia mbili tu, ya huruma na ya ajabu, na katika zote mbili riadha yenyewe hupotea.

Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza nuru ya macho mwaka 1995, na mwaka 2000 akashinda mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney. Kisa kilichoenea duniani ni kile cha mwongozaji wake kuishiwa nguvu karibu na mwisho, hata asiyeona akawa ndiye anayemhimiza na kumkokota mwenye macho. Kisa ni cha kweli, lakini kilisimuliwa kama kisa cha huruma, ilhali ndani yake mna elimu ya mchezo ambayo wasikilizaji walinyimwa. Daraja la T11, alilokimbia Wanyoike, ni la wasioona kabisa, au wenye nuru hafifu mno. Wote hufunikwa macho ili wawe sawa, na kila mmoja hukimbia ameunganishwa na mwongozaji wake kwa kamba fupi. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mshindani, wala kumtangulia kuvuka mstari, wala mshindani hana ruhusa ya kumwacha nyuma akaenda zake. Kwa hiyo Wanyoike hakumkokota mwenzake kwa hisani peke yake: kumwacha kungalimnyima medali. Mwenye kuijua kanuni hii huusikia mwisho wa mbio zile kwa roho juu, kwa sababu anaelewa kilichokuwa hatarini. Asiyeijua huambulia machozi tu.

Vivyo hivyo, mwaka 2012 katika Paralimpiki ya London, Samwel Mushai Kimani, akiongozwa na James Boit, alimaliza mita 1,500 za daraja hilo kwa dakika 3 na sekunde 58.37, rekodi ya dunia ya wakati huo. Muda kama huo, uliokimbiwa na watu wawili kwa hatua moja, mmoja wao amefunikwa macho, wastahili kutajwa kabla ya habari za misiba ya utotoni.

Njia ya ajabu nayo ina dhuluma yake. Mwaka 2016, katika Paralimpiki ya Rio de Janeiro, Abdellatif Baka wa Algeria alishinda mita 1,500 za daraja la T13, la wenye upungufu mdogo zaidi wa kuona, kwa dakika 3 na sekunde 48.29, na habari zikavuma kwamba amempita bingwa wa Olimpiki wa mbio hizo mwaka huo huo, Matthew Centrowitz, aliyeshinda kwa dakika 3 na sekunde 50.00. Hesabu ni sahihi, lakini wengi hawakueleza kwamba fainali ile ya Olimpiki ilikimbiwa polepole mno, kila mmoja akimvizia mwenzake, wala kwamba ulemavu wa Baka ni wa macho, si wa miguu. Sifa iliyopimwa kwa mizani isiyo yake haimpi mtu hadhi yake.

Hapa Kasulu, mkoani Kigoma, jambo hili la kuwaeleza wanariadha ipasavyo lina uzito wa pekee. Katika kituo cha Kabanga wamelelewa watoto wenye ualbino, waliokusanywa kwa usalama wao baada ya mauaji yaliyotikisa nchi kuanzia miaka ya 2007 na 2008, na wanahabari waliofika kwao wamewauliza zaidi habari za hofu. Ualbino huambatana na upungufu wa kuona, na kwa baadhi ya watu upungufu huo hufikia kiwango cha T13 au hata T12, kipimwacho na wataalamu wa macho. Mtangazaji aelezapo madaraja haya waziwazi, pamoja na muda wa mshindi na jina la aliyemfuata, huwa anampa mwalimu wa michezo wa Kabanga sababu ya kutafuta saa ya kupimia mbio na kumwandikia mwanafunzi wake muda wa kwanza.