Tundu Katika Sakafu ya Ndege

Je, umepata kuona ndege ndogo ikipita juu ya mashamba, ikaenda moja kwa moja, ikageuka na kurudi sambamba na njia yake ya kwanza? Huenda inapiga picha za ramani. Yafaa mkulima ajue habari zake, kwa maana ramani nyingi za mipaka ya mashamba ya Kenya, tangu miaka ya 1950, zilichorwa kutokana na picha za namna hiyo.

Ndege kama Cessna 206 hutoka kiwandani ikiwa na cheti cha kuthibitisha kwamba imeundwa kwa usalama. Lakini kamera ya ramani lazima itazame chini wima, kwa hiyo sakafu na bati la tumbo hukatwa tundu. Hapo ndipo penye hatari. Bati hilo hubeba nguvu ya ndege kama vile mapao yanavyobeba paa la nyumba. Basi mhandisi hupiga hesabu kwanza, na mafundi huzungushia tundu bati la kuongeza nguvu, wakalifunga kwa ribiti. Kisha ndege hupimwa uzito upya, isije ikalemea upande mmoja.

Fundi hawezi kukata apendavyo. Michoro hukaguliwa na wakuu wa usafiri wa anga, na ndege hairuki mpaka kazi ikubaliwe.

Moshi wa injini nao hupita chini ya tumbo na kuchafua kioo kwa mafuta, hivyo tundu huwekwa mbali na njia ya moshi, au bomba hurefushwa. Kamera hukalishwa juu ya mipira ili isitetemeke.

Kwa nini taabu yote hii? Lenzi ya milimita 152, ndege ikiwa mita 1,520 juu ya ardhi, hutoa picha ambayo milimita 1 ni mita 10 za shamba. Kosa dogo la kamera laweza kuwagombanisha majirani.

Nawe mkulima una kazi yako. Kamera haioni jiwe lililofunikwa na nyasi, wala haisikii maneno ya wazee. Huona ua. Ndiyo sababu mashamba yalipokuwa yakiunganishwa, wenyewe waliambiwa wapande ua mipakani, uonekane kutoka juu. Tunza ua wako, uukate vizuri, na miti isiufunike.