Bunduki zikijadiliwa, nani hupewa kiti?

Ukitoka Nakuru kwa matatu, Baringo si mbali. Unajua wizi wa mifugo kule siku hizi haufanywi kwa mishale, ni bunduki. Lakini ushawahi kujiuliza ni nani huketi kuamua bunduki hizo zidhibitiwe vipi?

Machi 15, 2000, mataifa 10 yalitia saini Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Jirani yetu Somalia hakuwepo. Hakuwa na serikali tangu 1991, na kiti ni cha serikali. Yaani nchi iliyofurika bunduki ndiyo iliyokosa kiti! Ilijiunga baadaye, baada ya Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004.

Sasa jiangalie wewe. Itifaki hutiwa saini na mawaziri, ilhali anayechunga ng'ombe risasi zikivuma ni kijana wa rika lako. Mwaka 2015, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 2250, likitaka vijana washirikishwe katika masuala ya amani.

Basi usingoje mwaliko wa New York. Chifu akiita baraza, fika mapema, keti mbele, uliza.